Fuji kwa basi la watalii, Kyoto na Nara kwa miguu yangu

Mlima Fuji, kule Japani, hatukuuona. Nianze na hilo, maana ndilo nililolipia. Basi la watalii lilituchukua Shinjuku, mtaa wa Tokyo, asubuhi, mwongozaji mbele na kibendera chake cha njano, likatupandisha hadi kituo cha tano cha mlima, mita 2,305. Ukungu ulikuwa mzito, hata vyoo tulivipata kwa kupapasa. Mama wa watu akajitahidi: akasimulia mlipuko wa mwisho, wa mwaka 1707, huku kidole kikielekea kwenye weupe mtupu. Dakika 40, kisha tukakimbizwa Owakudani, bonde la volkano, kula mayai yanayochemshwa kwenye maji ya salfa hadi maganda yanakuwa meusi. (Ndani ni yai tu.)

Simlaumu. Tatizo ni kwamba tarehe nilishailipia wiki mbili kabla, na mawingu hayasomi ratiba. Ningekwenda mwenyewe, ningechungulia hali ya hewa asubuhi nikaahirisha.

Kwa hiyo Kyoto nikajiongoza. Fushimi Inari, mahali pa ibada penye maelfu ya malango mekundu, haina kiingilio wala haifungwi usiku, na ni stesheni ya pili tu kutoka stesheni ya Kyoto kwa treni ya JR, shirika la reli, ya kwenda mji wa Nara. Saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa chini ya yale malango mekundu, mimi na mzee mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi. Nashuka saa tatu, njia imejaa vibendera. Nikajiona mjanja. Ila nyuma ya kila lango kuna maandishi meusi. Nikadhani ni dua, nikayapiga picha na kuituma nyumbani. Kumbe ni majina ya waliochangia na tarehe!

Nara ndiko nilikoshikwa kabisa. Ndani ya hekalu la Todai-ji kuna nguzo yenye tundu chini, watoto wanajipenyeza, wazazi wanacheka. Nikadhani mchezo. Kikapita kikundi, mwongozaji wao akaeleza kuwa tundu lile lina ukubwa sawa na tundu la pua la yule Buddha wa shaba aliyekaa pale, kimo karibu mita 15. Nikawafuata nyuma nyuma kama mdoezi wa harusi.

Mlimani nenda mwenyewe, siku ya jua. Kwenye mahekalu tafuta mtu, na si lazima awe wa basi. Nara wapo waongozaji wa kujitolea, unawaomba mapema. Ujira hawatozi, ila nauli, kiingilio na chakula chao cha mchana ni juu yako.