LDraw: uzoefu wangu na maktaba ya vipande vya LEGO

Mimi ni mlezi wa klabu ya roboti katika shule ya sekondari. Vifaa vyetu ni vya LEGO, seti ya EV3 namba 45544 yenye vipande 541, na wanafunzi ni wengi mno kwa seti hiyo. Anayewahi ndiye anayejenga, wengine wanabaki kutazama. LDraw ndiyo iliyotutoa hapo, na nimeona niwaandikie walimu wenzangu, mazuri yake na mapungufu yake.

LDraw ni maktaba ya mtandaoni ya vipande vya LEGO vilivyochorwa kwa 3D, kila kipande na faili lake. Unatumia programu ya kuchorea, unaunganisha vipande kwenye skrini, na mtoto anasanifu gari zima hata kama seti yenyewe iko mezani kwa kundi lingine. Kuipakua ni bure. Kampuni ya LEGO haiidhamini wala haiisimamii. Wanaochora, wanaokagua na wanaoitunza ni watu wanaojitolea.

Ilianza mwaka 1995. James Jessiman wa Australia aliandika programu iliyoitwa LDraw pamoja na LEdit ya kuhariria michoro, zote za DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, akachora na vipande vya kwanza. Mwaka 1997 akafariki. Wale waliokuwa wakitumia kazi yake waliendelea nayo kwa mfumo uleule wa faili, na hadi leo kuna tuzo yenye jina lake kwa waliochangia zaidi. Kampuni yenyewe ilikuwa na programu yake, LEGO Digital Designer. Iliachwa, na mwaka 2022 watumiaji wakaelekezwa kwenye Stud.io, ambayo nayo inasoma faili za LDraw. Kwangu hilo ni jambo zito. Ninahifadhi kazi za wanafunzi nikitarajia wadogo zao wazifungue, na sipendi kuzifungia ndani ya programu ambayo mwenyewe anaweza kuizima.

Ila kilichonifanya niipende hasa ni kwamba faili zake zinasomeka. Fungua 3001.dat kwa Notepad. Hilo ni tofali la kawaida, lile la vinundu (vile vya juu vinavyoshikanisha) 2 kwa 4. Juu kabisa utaona jina la kipande, kisha jina la mchoraji, na kwa tofali hili ni Jessiman mwenyewe. Chini yake kuna leseni, halafu historia: tarehe, nani alibadilisha, alibadilisha nini. Baada ya hapo ni namba tupu. Mstari ukianza na 1 unaita faili lingine, 2 ni mstari wa ukingo, 3 ni pembetatu, 4 ni pembenne. Kinundu hakichorwi upya kwenye kila tofali. Kimechorwa kwenye faili lake, na matofali yote yanakiita. Rangi namba 16 maana yake ni rangi yoyote atakayochagua mtumiaji. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanayaelewa haya, na wapo walioandika kipande chao kwa kuhesabu pembe kwenye karatasi ya grafu.

Vipimo navyo ni vya kuaminika. Kizio chao kinaitwa LDU, sawa na milimita 0.4. Upana wa tofali la kinundu kimoja ni LDU 20, yaani milimita 8. Urefu wa tofali kwenda juu ni LDU 24, yaani milimita 9.6, bamba jembamba ni LDU 8, ndiyo maana mabamba matatu yanalingana na tofali moja. Wape watoto swali hili: matofali mangapi yakipangwa juu kwa juu yatalingana na vinundu vingapi vya mlalo? Jibu ni matofali matano kwa vinundu sita, 120 kwa 120. Kisha waambie wachukue matofali halisi na rula. Yote mawili ni milimita 48. Nimefundisha uwiano kwa njia nyingi, na sijapata somo lililoingia vizuri kama hili.

Kutafuta kipande ni rahisi ukijua ujanja wake. Geuza kipande cha plastiki, utafute namba ndogo iliyochongwa. Bimu yenye matundu saba, kwa mfano, ni 32524. Andika namba hiyo kwenye programu na kipande kinakuja. Wakati mwingine namba inafuatwa na herufi kutofautisha matoleo ya kalibu, hapo itabidi ulinganishe kwa macho. Tena kuna ustaarabu mmoja nilioupenda sana: namba ikisahihishwa, faili la zamani halifutwi. Linabaki likielekeza kwenye jipya, ili mchoro wa zamani usije ukafunguka na mapengo.

Uaminifu huo unatokana na ukaguzi. Kipande kipya hupelekwa kwenye Parts Tracker, sehemu ya tovuti ya LDraw ya kupokea vipande, wakaguzi wanakipitia na kupiga kura, ama kukiidhinisha ama kukizuia kwa kueleza kasoro. Kikipita kinasubiri kutolewa pamoja na vingine kwenye toleo jipya la maktaba. Nimewahi kupakua modeli za bure kwingineko, zinapendeza machoni lakini ukizipima tundu halikutani na pini. Kwenye roboti, pini isiyoingia ni kazi bure.

Ukaguzi huo pia ndio chanzo cha kero yangu kubwa. Wakaguzi ni wachache na hawalipwi, hivyo kipande kinaweza kukaa muda mrefu kikiitwa kisicho rasmi. Unaweza kukipakua na kukitumia, lakini ujue kinaweza kubadilika.

Kero ya pili ni kwamba maktaba inakupa umbo tu. Baadhi ya programu zitakuachia upitishe bimu katikati ya mota bila onyo lolote. Gia zikionekana zimeshikana kwenye skrini, hiyo si hakika kwamba zitazunguka, na mnara mrefu uliosimama vizuri kwenye kompyuta unaweza kuyumba mezani. Kwa hiyo kwetu kila mchoro lazima uishie kwenye plastiki kabla ya kupewa alama. Halafu kuna suala la mhimili wa Y: kwenye LDraw kwenda juu ni hasi. Kwa mtoto aliyetoka kwenye somo la grafu, hili linahitaji kuelezwa mapema. Majina ya vipande na maelekezo yote ni ya Kiingereza, na sisi tumebandika ukutani orodha yetu ya vipande tunavyovitumia zaidi.

Kuhusu programu, anza na LeoCAD. Inakuja na maktaba ndani yake, inaenda kwenye Windows, Mac na Linux, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Kompyuta zetu ni za zamani na zinaimudu, kwa kuwa duara la kawaida la LDraw limegawanywa pande 16 tu, kwa hiyo michoro si mizito. LDCad ni bora zaidi kwa nyaya na mirija inayopinda, ila inataka uvumilivu. Ukitaka kuchapisha maelekezo ya hatua kwa hatua, tumia LPub3D. Ndiyo tunayotumia kuandaa vijitabu vya kidato cha kwanza.

Leseni ni ya Creative Commons inayokutaka uwataje waliofanya kazi. Sisi tunawataja kwenye jalada la kila kijitabu, na nawasihi walimu wenzangu mfanye hivyohivyo, maana malipo ya watu hawa ni kutajwa tu.

Kama shule yako ina roboti za aina nyingine, LDraw haitakufaa, tafuta maktaba ya vifaa vyako. Kama mna LEGO, hata boksi moja la vipande mchanganyiko, nampa mwalimu ushauri mmoja: pakua LeoCAD mara moja penye mtandao mzuri, iweke kwenye flashi, kisha uisambaze kwenye kompyuta zote za maabara. Siku ya kwanza waache wachore kile wanachokishika mkononi, kipande kwa kipande, kabla hujawapa kazi ya kubuni.