Tanuri la karakana mpya ya ufinyanzi Unguja na Pemba: lipi linunuliwe, lipi liachwe

Anayetaka kununua tanuri la kuchomea vyombo vya udongo huuliza kwanza bei, kisha ukubwa, kisha linafika nyuzi ngapi. Yote ni ya kuuliza, ila yanatanguliwa na mawili: udongo wako una nini ndani yake, na waya unaoingia karakanani unabeba nini. Hapa visiwani mawili haya ndiyo yanayokula pesa za watu.

Udongo

Udongo mwekundu wa kufinyangia kwa kawaida hukomaa kati ya nyuzi 900 na 1,050 za selisiasi. Ukiusukuma hadi 1,150 au zaidi hufura, huota malengelenge, na chombo kinainama kama mshumaa uliosahauliwa juani. Kwa hiyo anayefinyanga kwa udongo wa kuchimba mwenyewe hana sababu ya kulipia tanuri la nyuzi 1,300.

Adui mkubwa wetu ni chokaa. Sehemu kubwa ya ardhi yetu imekalia mawe ya matumbawe, na punje za mawe hayo, pamoja na vipande vya magamba ya pwani, huingia kwenye udongo bila mtu kuziona. Punje hiyo ikipita takriban nyuzi 830 hugeuka chokaa hai. Chombo kikitoka tanurini, chokaa hiyo inaanza kunywa unyevu wa hewa, inavimba, na kusukuma. Kikombe kinatoka kizima, kinapigwa picha, kinapangwa kabatini. Siku ya tatu au ya nne kipande chenye umbo la nusu mwezi kinamenyeka ubavuni, na katikati ya kidonda kuna nukta nyeupe isiyozidi punje ya mtama. Kwa unyevu wa masika haingoji hata siku tatu.

Ndiyo maana vyungu vinavyochomwa uwanjani kwa makuti na makumbi havina tabia hiyo. Moto wa wazi kwa kawaida hucheza kati ya nyuzi 600 na 850, tena kwa muda mfupi, chokaa haipati nafasi ya kuiva. Udongo uleule ukiingizwa kwenye tanuri la umeme kwa nyuzi 950 unaanza kumeguka, na lawama inaliangukia tanuri.

Jaribio ni rahisi. Chukua bonge la udongo mkavu, dondoshea siki kali au maji ya ndimu. Ukitoa povu, chokaa imo. Hapo una njia mbili: uuroweke udongo uwe uji mwepesi, uuchuje kwa wavu wenye matundu yasiyozidi nusu milimita (chandarua kina matundu makubwa mno), au ubaki chini ya nyuzi 800. Kuvizamisha vyombo ndani ya maji mara vinapotoka tanurini vikiwa vuguvugu kunapunguza madhara, hakuyaondoi.

Kabla ya kununua chochote, finyanga vibao vitano, chora juu ya kila kimoja mstari wa sentimita 10, uombe mwenye tanuri akuchomee kimoja kimoja kwa nyuzi 900, 950, 1,000, 1,050 na 1,100. Pima mstari umefupika kiasi gani. Pima uzito wa kibao kikavu, kiloweke siku nzima, kifute, kipime tena. Kibao kilichoacha kunywa maji sana bila kupinda ndicho kinachokwambia joto lako. Kazi ya wiki mbili, inaokoa mamilioni.

Waya

Umeme wetu ni volti 230 kwenye karatasi. Pima mwenyewe kwa mita, saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umewasha viyoyozi na majiko. Koili za tanuri hazisamehe: nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Volti 200 badala ya 230 maana yake umebaki na robo tatu tu ya nguvu uliyonunua. Tanuri litapanda vizuri mwanzoni, kisha linaweza kuganda njiani usiku kucha huku yuniti za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla, zikiyeyuka.

Kipimo cha pili: soma volti, washa birika la kilowati 2, soma tena. Volti zikishuka 5, basi tanuri la kilowati 7, ambalo linavuta ampea 30, litazishusha karibu 17. Ukiona hivyo, tatizo liko kwenye laini, na hakuna tanuri litakalolitibu. Zungumza na Shirika la Umeme kuhusu laini ya fezi tatu kabla ya kulipa hata shilingi ya usafiri.

Tanuri lolote linalozidi kilowati 3 linataka waya wake peke yake kutoka meni swichi. Kwa kilowati 7 za fezi moja tumia shaba ya milimita 10 za mraba na breka ya ampea 40, na waya wa ardhi uliopimwa, usiofungwa tu kwenye bomba la maji. Fundi akikwambia milimita 4 zinatosha "kwa sababu jiko la umeme linatumia hizo", tafuta fundi mwingine. Jiko huzima na kuwaka. Tanuri likikaribia joto la mwisho linavuta kwa nguvu zote saa kadhaa mfululizo.

Nafasi ya kwanza: la umeme, mfuniko juu, lita 60 hadi 100

Kwa karakana mpya ya mtu mmoja hadi watatu, hili ndilo. La lita 60 lina takriban kilowati 3.6 hadi 5.5, la lita 100, karibu kilowati 7. Lita 100 hubeba vikombe vya kawaida 50 hadi 70 kwa rafu tatu. Watu hununua kubwa "ili nisinunue mara mbili", kisha wanasubiri mwezi mzima kulijaza, na mwezi mzima hawajifunzi kitu. Tanuri dogo linalochomwa kila wiki linafundisha zaidi.

Chagua lenye kikomo cha nyuzi 1,260 au 1,280 hata kama udongo wako ni wa 1,000. Si kwa ajili ya kufika huko: koili zinazofanya kazi mbali na kikomo chake hudumu, na siku ukinunua udongo wa nje unaokuwa mgumu kama jiwe (stoneware), unaokomaa karibu na 1,220, utakuwa tayari.

Vitu vya kukagua kabla ya kulipa:

- Ganda la nje liwe chuma kisichoshika kutu, pamoja na skrubu na bawaba. Hewa ya chumvi hula bati la kawaida kuanzia kwenye skrubu.
- Liwe la pete zinazopangwa moja juu ya nyingine. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe mzigo unaingia kwa gari la hamali, na milango mingi ya ndani ni myembamba. Pima mlango, si chumba.
- Kontrola, yaani kifaa kinachoongoza joto, iwe inaendelea ilipoishia umeme ukikatika na kurudi. Mchomo wa kwanza (kabla ya chombo kupakwa glezi, yaani ngozi ya kioo) haudhuriki kwa kukatika saa moja, alimradi mfuniko haukufunguliwa. Linaloua kontrola ni volti kuruka umeme unaporudi. Weka kifaa cha kuchelewesha kuwaka.
- Sensa ya joto aina ya K inatosha chini ya nyuzi 1,100. Ukichoma juu zaidi mara kwa mara, lipia aina ya S.
- Spea ziagizwe pamoja na tanuri: seti moja ya koili, rilei mbili (swichi zinazowasha na kuzima koili), sensa moja. Kusubiri rilei kutoka ng'ambo huku oda ya hoteli imekaa mezani ni adhabu isiyo na sababu.

Gharama ya mchomo haikisiwi kwa kuzidisha kilowati kwa saa tu, kwa kuwa koili hazifanyi kazi muda wote wa mchomo. Zidisha na 0.6: kilowati 7 kwa saa 9 ni karibu yuniti 38. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, gawanya kwa idadi ya vyombo, uone kama kikombe chako kinajilipa.

Mahali: sakafu ya saruji, sentimita 50 kutoka ukutani, juu yake bati. Kamwe si chini ya paa la makuti. Wala si ghorofani kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe. Dari zile ni boriti za mikoko na chokaa, na tanuri lililojaa ni mzigo mzito uliokaa sehemu moja.

Nafasi ya pili: joko la kuni la matofali

Hili halinunuliwi dukani, linajengwa, na kwa kikundi cha shamba kinachotengeneza vyetezo, vyungu vya maua na mitungi tungeliweka la kwanza bila kusita. Lina sababu moja ambayo watu wa Unguja wanaijua: mwaka 2008 kisiwa kilikaa takriban mwezi mzima bila umeme wa gridi, na kuanzia Disemba 2009 kikakaa kama miezi mitatu. Joko la kuni halina habari na waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara.

Chumba cha sentimita 80 kwa 80, kimo 90, moto ukitoka chini kwenda juu, kinataka takriban matofali 300 yanayostahimili moto kwa ukuta wa ndani na tundu la moto. Ukuta wa nje unaweza kuwa wa tofali nyekundu za kuchoma. Matofali ya saruji yasiguse moto, yanakufa kabla ya nyuzi 600. Na jiwe la matumbawe lisitumike hata kwenye msingi wa ndani: mababu walilipika jiwe hilohilo kwenye tanuu kupata chokaa ya kujengea, na joko lako litafanya kazi ileile, mvua ya kwanza ije kulibomoa. Jengea udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga usio wa bahari, si saruji.

Mdomo wa moto uelekee magharibi. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini na kusini mashariki. Ukielekea zinakotoka pepo hizo, moto unapulizwa upande mmoja, nusu ya vyombo vinaungua na nusu vinabaki vibichi.

Kuni: andaa kilo 250 kavu kwa mchomo, na akiba pembeni. Mvinje mkavu uliopasuliwa vipande vya unene wa kifundo cha mkono ni mzuri mwisho, unapotaka joto. Makumbi na vifuu ni vya mwanzo, saa nne au tano za moshi wa polepole mpaka nyuzi 200. Makuti huwaka kwa ndimi ndefu na kuisha, yanafaa kusukuma joto dakika za mwisho. Mikoko isiguswe, na mkarafuu haukatwi bila kibali. Kuni zozote nyingine zitoke kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu.

Ndani ya Mji Mkongwe lisahau. Moshi wake utaleta majirani kabla ya Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Nafasi ya tatu: la gesi

Dogo, lenye ganda la bati na bitana ya sufi ya kauri, linapanda haraka na linabebeka. Linamfaa anayetaka glezi za moshi na rangi za shaba ambazo umeme hauzitoi. Ila linataka mtu asimame nalo tangu kuwasha hadi kuzima. Mtungi mmoja wa kilo 15 ukivutwa kwa nguvu huganda barafu ubavuni hata kwa joto letu, na presha inaanguka; unganisha miwili au chukua wa kilo 38. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, hivyo mitungi ikae nje na karakana iwe na matundu ya hewa chini ya ukuta. Sufi ya kauri isiguswe bila barakoa, vumbi lake si la mapafu ya mtu.

Nafasi ya nne: la umeme lenye mlango wa mbele

Ni zuri kwa mgongo wa mpakiaji na hudumu sana. Ila la lita 200 hupita kilo 300, linataka fezi tatu, na kulishusha bandarini ni kazi ya siku. Linafaa skuli au kiwanda, si mwanzo.

La mwisho: lililotumika, kutoka Marekani

Bei inavutia. Soma kibao cha bati ubavuni. Likiandikwa volti 240, fezi moja, litafanya kazi hapa na utapoteza takriban asilimia 8 ya nguvu. Likiandikwa 208, liache: kwa volti 230 linapata nguvu asilimia 22 zaidi ya ilivyopangwa, na koili zinakatika mapema. Likiandikwa 120, liache pia. Kama unalichukua la 240, fungua mfuniko uangalie koili: zilizolala nje ya mfereji au zilizobanana zitanunuliwa upya, na tofali laini lililovunjika mfereji halizishiki tena.

Na moto wa wazi?

Hauko kwenye orodha kwa sababu haununuliwi. Lakini anayefinyanga vyungu vya kupikia asikimbilie tanuri. Chungu kilichochomwa nyuzi 750 au 800, chenye mchanga au unga wa vigae ndani yake, kinavumilia mafiga kuliko kilichochomwa 1,050; kile kigumu zaidi hupasuka kikiwekwa juu ya moto ghafla.

Lolote utakalochukua, nunua pia koni za kupimia joto, vipande vidogo vya kauri vinavyoinama na kulala joto lake likitimia. Kontrola inasema joto la hewa mahali sensa ilipo. Koni inasema udongo umeiva kiasi gani. Koni namba 06 hulala karibu na nyuzi 1,000, namba 04 karibu na 1,060. Weka moja rafu ya chini na moja ya juu kwa michomo mitano ya mwanzo. Rafu zipakwe mchanganyiko wa alumina na kaolini, nusu kwa nusu, glezi isizigande. Msimu wa masika vyombo vinavyoonekana vikavu bado vina maji: vishike nyuzi 80 hadi 90 kwa saa sita, mfuniko umeinuliwa kidogo kwa kigae. Ukiweka kioo kidogo juu ya tundu na hakipati tena ukungu, funga.