Wodi ya watoto wenye saratani: nyota nne, ya tano wameikosa jikoni

Nimekaa wodi hii siku 19 na mwanangu wa miaka sita, kwa hiyo sisimulii ya kusikia.

Tulianzia kwingine. Pua ya kulia iliziba, tukapewa matone. Jicho likaanza kutokeza, tukapewa dawa ya kupaka. Magego mawili ya juu yakalegea, yakang'olewa, na uvimbe ukabaki palepale. Wiki tatu zikaenda.

Hapa daktari alimmulika mdomoni kwa tochi ya simu, akabonyeza shavu, akasema, "Mama, hii hatulali nayo." Asubuhi wakachukua kinyama cha uvimbe cha kupima na maji ya uti wa mgongo, wakampiga na ultrasaundi ya tumbo. Jibu: Burkitt. Nilidhani ni jina la dawa! Kumbe ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeuandika uvimbe huu wa saratani mwaka 1958. Unawapata zaidi watoto wa kwetu huku kwenye malaria nyingi, na unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Nikazikumbuka zile wiki tatu, tumbo likanikata.

Nyota zao nyingi ni za maji. Uvimbe ukipigwa dawa unayeyuka kwa kasi, uchafu wake wote unaelemea figo. Basi ni dripu usiku na mchana, vidonge vya alopurinoli, na kila mkojo unapimwa kwenye jagi na kuandikwa. Saa nane usiku muuguzi ananitikisa: "Mama, mbona jagi liko vilevile tangu saa nne?" Nilimchukia yule dada. Siku ya kuruhusiwa nilimnunulia soda.

Dawa zenyewe zilianza Jumanne. Ijumaa kope ikaachia kidogo, nikaona weupe. Jumapili akaziba lile jicho zima kwa kiganja, akanitazama na la ugonjwa: "Mama, umevaa kanga ya bibi."

Sasa jiko. Akina mama ishirini, jiko moja la gesi, na mtungi ukiisha Jumamosi mnangoja Jumatatu. Pia ile sindano ya mgongoni waeleze mapema. Mara ya kwanza nilimshika mtoto sijui namshikia nini.

Unayekwenda, beba chupa ya chai na kofia ya mtoto. Sisi nywele zilianza kubaki kwenye mto kabla ya mzunguko wa pili wa dawa.