Nairobi–New York bila kushuka njiani: mimi naichagua hii

Kwa mnaouliza kama ile ndege ya KQ (Kenya Airways) ya moja kwa moja Nairobi hadi JFK, uwanja wa ndege wa New York, ina thamani ya nauli yake, mimi nasema ndio, na kama unasafiri na mzazi mzee ama mtoto mdogo nasema ndio mara mbili. Njia ya Ulaya nimepita na ya Dubai pia nimepita kwa hivyo nalinganisha vitu ninavyovijua.

Watu wengi wanafikiri ukienda moja kwa moja umeokoa kilomita nyingi sana. Inategemea ungepitia wapi. Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Ukipitia London zinafika kama 12,400, hapo hakuna tofauti ya kuhangaisha mtu, lakini ukipitia Dubai ni kama 14,500 kwa sababu kwanza unapelekwa mashariki alafu ndio unaanza kurudi magharibi. Kinachomaliza watu ni kule kusubiri na kupanga foleni upya, kukaguliwa tena, kutafuta geti. Kuna shirika moja sitalitaja, ndege yao ya kwanza ilichelewa tukakosa ya pili, mamangu akalala kwenye viti vya chuma hadi asubuhi na miguu imemvimba. Baada ya hapo sikutaka tena kusikia habari ya kuunganisha ndege.

Hii ya moja kwa moja ilianza Oktoba 2018. Kwenda ni kama saa 15, kurudi inapungua kama saa moja hivi sababu pepo za juu zinavuma toka magharibi na zinaisukuma ndege. Nairobi inaondoka usiku, na kuna sababu nzuri tu: mji uko juu mita 1,600 na kitu kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyobeba mafuta ya saa zote hizo ni nzito mno, sasa ubaridi wa usiku unasaidia kunyanyuka. Faida kwako ni kwamba unakula, unalala, unaamka bado uko juu ya Atlantiki, unafika asubuhi na siku nzima iko mbele yako ya kuunga kwenda Boston ama Dallas. Saa za Nairobi na New York zinatofautiana 7 wakati Wamarekani wamesogeza saa zao mbele, na 8 kuanzia Novemba.

Ndege yenyewe ni Boeing 787-8, ile inayoitwa Dreamliner. Hewa ndani inawekwa kama uko mwinuko wa mita 1,800, haiko mbali na Nairobi yenyewe, wakati ndege nyingi za zamani ni kama 2,400. Mamangu alishuka bila kuumwa kichwa na hilo kwangu ni kubwa kuliko chakula na sinema.

Ikonomi viti ni vitatu vitatu vitatu, kwa hivyo kama mko wawili chukueni cha njiani na cha jirani yake, mzee akae njiani aweze kuinuka atembee kila baada ya saa mbili tatu, dirishani atakuwa anaona haya kusumbua watu. Na wheelchair iombe siku ile ile unakata tiketi, usingoje kaunta.