Delhi, Agra na Jaipur kwa siku tatu: inalipa au tunapigwa?

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo uchambuzi wa simu tunauweka pembeni, nachambua safari. Kile kifurushi cha India wanachokiita Pembetatu ya Dhahabu: unatoka Delhi, usiku wa kwanza unalala Agra, wa pili Jaipur, unarudi Delhi. Mnaosindikiza wagonjwa kule mmeniuliza sana. Nasema mapema: kinalipa, ila ratiba wanayokupa usiikubali kama ilivyo.

Taj Mahal hufungwa Ijumaa kwa watalii, kwa hiyo angalia tarehe kabla hujatoa hela. Lile kuba mmeshaliona kwenye picha, mimi nawaambia sogeeni ukutani. Yale maua hayakuchorwa. Ni vipande vya mawe ya rangi, vimechongwa na kupachikwa ndani ya marumaru nyeupe, na hata ukikodoa macho kiungo hukioni.

Sasa wanapotupiga ni Agra Fort, ile ngome ya kifalme ya Agra. Unapewa muda kiduchu, halafu mnapelekwa karakana ya marumaru, mnamwagiwa chai na bei za kuruka. Dereva ana chake pale, tusidanganyane. Na ngome ndiyo yenye kisa! Shah Jahan, mfalme wa ukoo wa Wamughal waliotawala India, alianza kujenga Taj mwaka 1632 iwe kaburi, baada ya mkewe Mumtaz Mahal kufariki akijifungua mtoto wa 14. Mwaka 1658 mwanawe Aurangzeb akampokonya kiti na kumfungia humo humo ngomeni, hadi akafa 1666. Simama kwenye baraza la mnara wa Musamman Burj: Taj hiyo hapo, kwenye kona ya mto Yamuna. Mzee alikuwa akiitazama hivyo hivyo.

Njiani kwenda Jaipur mnapita Fatehpur Sikri, mji alioujenga Akbar, mfalme Mmughal, babu yake Shah Jahan, kuanzia 1571 na kuuhama 1585. Lango lake, Buland Darwaza, lina mita 54. Wapiga debe wa pale ni wasumbufu, jipange. Lakini mji huo usiuruke, maana Akbar alioa binti wa mfalme wa Amber, wa Warajput, watawala wa upande wa Jaipur, mwaka 1562, na binti huyo ndiye bibi mzaa baba wa Shah Jahan. Ukifika ngome ya Amber, nje kidogo ya Jaipur, ukaona bustani za mraba za mtindo wa Kimughal na kuta za vioo za Sheesh Mahal, utajua hawa Wamughal na Warajput walikuwa wakwe.

Hawa Mahal, lile kasri la Jaipur? Madirisha 953, piga picha kutoka ng'ambo ya barabara, songa mbele. Muda wako upeleke Jantar Mantar, vyombo vya nyota vya Jai Singh wa Pili, yule aliyeanzisha Jaipur mwaka 1727. Ile saa ya jua kubwa ina urefu wa mita 27. Inama karibu na kipimo chake uangalie kivuli: kinatembea kama milimita moja kila sekunde, unakiona kwa macho yako!

Delhi wanaimalizia mbiombio. Mimi ningechagua kaburi la Humayun, baba yake Akbar, basi.

Alama zangu: saba kwa kumi. Kabla hujalipa, waandike kwenye ratiba kwamba hakuna kusimama dukani, na Agra Fort upewe muda wa saa mbili nzima. Wakigoma, kodi gari mwenyewe. Na ukitokea Kenya, Uganda au Kongo, usisahau cheti cha homa ya manjano.