Gitaa la umeme lenye mkono wa tremolo: uzoefu wangu na daraja lisilotulia

Gitaa lenyewe ni la mtumba, nakala ya umbo la Stratocaster, gitaa maarufu la kampuni ya Fender. Jina la kiwanda nalihifadhi, maana nakala za bei hii ukizifungua mgongoni zinafanana sana. Napiga solo kwenye bendi ya Dar es Salaam inayoishi kwa harusi na mahafali: rumba kwa wingi, zilipendwa wazee wakitaka, injili tukialikwa. Shingo ilikuwa imenyooka, freti bado zina uhai, na pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zinatoa ile sauti nyembamba yenye kung'aa ambayo sebene inaitaka. Kasoro ilikuwa kwenye daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Ukigusa mara moja tu mkono wa tremolo, ile fimbo ya kwenye daraja inayoyumbisha sauti, gitaa zima linatoka kwenye tyuni. Usipougusa, nyimbo mbili tatu zikipita uzi wa G umeshakimbia.

Kila niliyemuuliza alinijibu, "Badilisha springi." Dukani nilikonunulia nao wakasema hivyohivyo, na springi wanauza wao. Sikununua.

Mfumo huu ulitoka na Stratocaster ya Leo Fender mwaka 1954, na nakala nyingi za bei nafuu bado zinaufuata karibu ulivyo. Daraja halikukazwa kwenye mbao. Mbele limeshikwa na skrubu sita, nyuma liko huru kuinuka, na chini yake kuna pande la chuma linaloingia tumboni mwa gitaa. Huko ndiko springi zilikonasa, tatu hadi tano, na upande wa pili zimeshikwa na bati lenye meno lililofungwa kwa skrubu mbili ndefu. Nyuzi zinavuta huku, springi kule, kama mizani ya sokoni. Seti ya nyuzi za 9, yaani 0.009 hadi 0.042 ya inchi, inavuta kama kilo 38 kwa jumla. Ukifunga za 10 unafika kilo 46 hivi. Aliyekuwa na gitaa hili kabla yangu alifunga za 10 akaacha springi tatu kama zilivyokuwa, ndiyo maana lilinifikia daraja limeinuka nyuma na nyuzi ziko juu mno, vidole vinachoka kabla ya bwana harusi kuingia ukumbini.

Lakini kuinuka kwa daraja peke yake hakutoi gitaa kwenye tyuni. Daraja linaweza kuelea na likatulia. Kuna kipimo kinachoonyesha tatizo liko wapi, na hakihitaji chochote zaidi ya tuna, yaani kifaa cha kupimia tyuni, iwe ya kubana kwenye kichwa cha gitaa au ile ya kwenye simu. Tyuni nyuzi zote, bonyeza mkono mpaka zilegee, uachie urudi wenyewe, kisha pima uzi mmoja mmoja. Kama zote sita zimeshuka kwa kiasi kinachokaribiana, daraja halijarudi mahali pake, kaangalie skrubu za mbele. Kama uzi mmoja au mbili zimepanda na nyingine ziko sawa, daraja halina kosa: uzi umenasa kwenye nati, kile kipande kinachobeba nyuzi shingo inapokutana na kichwa. Ulipolegea, sehemu yake iliteleza kuelekea kwenye ufunguo wa kutyuni, na kurudi ikashindwa. Uzi huohuo ukiuvuta kwa kidole utafanya kinyume, utashuka. Na mara nyingi utausikia wakati wa kutyuni: unazungusha ufunguo, hakuna kinachobadilika, mara "ti!" umeruka kupita noti unayoitafuta.

Langu lilikuwa na magonjwa yote mawili, na springi hazikuhusika na hata moja.

Nililipeleka kwa fundi anayetengeneza magitaa na spika. Alilipindua, akafungua kifuniko cha nyuma, akacheka kidogo. "Kaka, springi zako ni nzima. Hapa mbele ndipo walipokubana." Mtu alikuwa amekaza skrubu zote sita hadi mwisho, bati la daraja likawa linasugua vichwa vyake badala ya kucheza, na hewa ya pwani ikaongeza kutu. Akazitoa, akazisafisha, akazirudisha. Mbili za pembeni akaziacha zifanye kazi ya bawaba, nne za katikati akazilegeza kidogo zisiguse. Kwenye nati aliupanua mfereji wa G kwa msasa laini, taratibu, maana ukichimba kupita kiasi uzi utagonga freti ya kwanza na nati itabidi inunuliwe mpya. Kisha akapaka risasi ya penseli kwenye mifereji yote. Hilo la penseli unaweza kulifanya mwenyewe kila ukibadilisha nyuzi.

Halafu akaniuliza swali ambalo dukani hawakuniuliza: unapiga nini? Fender wanashauri daraja lielee kwa pengo la kama milimita 3.2 nyuma, ili mkono uweze kushusha na kupandisha sauti. Kwa sebene ni usumbufu. Ukilaza kiganja kwenye daraja, sauti inapanda. Ukipiga nyuzi mbili pamoja na ukavuta mmoja, wa pili unashuka. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, tano zilizobaki zote zinapanda, na ukumbi unasikia. Tukaongeza springi mbili zikawa tano, tukakaza skrubu za bati la nyuma robo mzunguko kwa zamu huku tukityuni kila mara, hadi daraja likalala kwenye mbao. Sasa mkono unashusha tu, na mimi kupandisha sihitaji. Mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alikwenda mbali zaidi, daraja lake likazuiwa kabisa kwa kipande cha mbao.

Ukifanya hivi nyumbani, angalia waya uliochomelewa kwenye lile bati lenye meno. Ni wa athi, yaani wa ardhi. Ukikatika, gitaa litaanza kuvuma. Na daraja likishalala, kimo cha nyuzi na oktava (yaani noti za juu kwenye shingo zilingane na za chini) lazima virekebishwe upya. Oktava fundi wangu hakuigusa, na gitaa alilichelewesha kuliko alivyoahidi. Kazi ya daraja na nati, hata hivyo, namlipa tena bila kubishana.

Sasa hivi linamaliza harusi nzima likiwa kwenye tyuni. G naigusa mara chache, hasa kiyoyozi cha ukumbi kikiwa kikali. Nalipatia nyota nne kati ya tano, ile ya tano imekwenda na skrubu zinazoshika kutu upesi.

Kama mkono huutumii kabisa, tafuta gitaa lenye daraja lililokazwa moja kwa moja, mtindo wa Telecaster. Mfumo wa Floyd Rose, daraja la tremolo linalobana nyuzi kwa skrubu, unashika tyuni vizuri kwa wanaoshusha sauti hadi chini kabisa, lakini kubadilisha uzi katikati ya shughuli, na funguo za alen mkononi, simshauri mpiga harusi. Na kwa mtumba, fanya kile kipimo cha mkono dukani kabla hujalipa, kisha jaribu kuzitikisa skrubu sita za mbele kwa vidole. Zikicheza, mbao imeshaliwa, na bei ishuke.