Uzoefu wangu na Land Rover Series III yenye kutu: ya kufufua au ya kuacha?

Bodi ya Land Rover haisemi kweli, na hapa Unguja wanunuzi wengi hukosea hapo hapo. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, imevishwa mabati ya aloi ya alumini. Hayo hayapati kutu nyekundu hata gari ikilala miaka chini ya mwembe kule Makunduchi. Ikipigwa rangi mpya inameremeta, kumbe shasi yake, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, imebaki ganda. Kwa hiyo mimi boneti naifungua mwisho. Mwanzo nalala chini na tochi, nyundo ndogo, bisibisi bapa kuukuu na brashi ya waya. Jeki na stendi zikae chini ya ekseli. Shasi usiyoijua usiitegemee ikubebe juu ya kifua chako.

Anza na boriti ya nyuma inayokatiza shasi, ile inayofungwa ndoano ya kuvutia. Gonga chini yake na kwenye pembe, siyo usoni pekee, maana usoni ndipo wauzaji wanapopaka rangi. Chuma kizima hulia kama kengele, kilichooza hutoa sauti ya gunia. Sababu ni kwamba shasi hii ni boksi lenye uwazi ndani. Mchanga wa pwani wenye chumvi huingia kwenye matundu ya kutolea maji, ukayaziba, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua. Kutu basi hula kutoka ndani kuja nje. Ukiona kitundu kama punje ya mtama, kisukume kwa bisibisi: mara nyingi bati la pembeni linabomoka tabaka kwa tabaka, kama chapati ya kusukuma, na kitundu kinakuwa cha kuingia kidole gumba.

Kisha fuata boriti mbili kuu hadi juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi na fundi wa haraka hapafiki kabisa. Gonga mabano yanayoshika springi, halafu mikono ya pembeni inayobeba ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva. Ukuta huo ndio ghali kuliko watu wanavyodhani. Nyanyua mikeka, choma bisibisi kwenye bati la kuwekea miguu, kisha fungua mlango nusu na uunyanyue kwa mkono. Nguzo ya mlango ikicheza, kutu imeshafika ndani ya nguzo, na hapo kiraka hakitoshi.

Sasa uamuzi. Boriti ya nyuma imeoza na mikono miwili ya pembeni haifai, lakini boriti kuu zinalia vizuri? Nunua, hiyo ni kazi ya kawaida. Bati la miguu limetoboka ila nguzo ni nzima? Nunua pia. Lakini mabano ya springi yakiwa yameoza pamoja na boriti kuu katika sehemu zaidi ya tatu, viraka vitashikana na kutu, si na chuma. Hapo ni kubadili shasi nzima (Uingereza bado wanatengeneza mpya zilizochovywa kwenye zinki) au kuiacha gari iwe ya vipuri. Ikiwa ukuta nao umekwisha, mimi siinunui, hata injini ikiwaka kwa pigo moja. Injini ya lita 2.25 hurekebishika, na ikiwa imegoma kuzunguka hilo ni jambo la kupunguza bei tu.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya shasi na kadi ya gari. Imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye bano la springi. Pakiwa na kiraka kipya hapo na namba haisomeki, achana nayo.

Kwenye kuchomea, tangi la petroli litolewe kwanza, maana kwenye ile fupi, yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, liko chini ya kiti cha kulia, karibu mno na cheche. Betri itolewe pia. Kiraka cha shasi kiwe bati la milimita 2, na kutu ikatwe mpaka ufikie chuma kinachong'aa pande zote. Kubandika bati juu ya kutu ni kutengeneza mfuko mwengine wa chumvi. Spana ziwe za inchi; za milimita zitakula vichwa vya bolti. Bolti za springi mara nyingi zimegandana na bushi yake (kile kikopo kinachovaa bolti), kwa hiyo panga kuzikata kwa grainda na kuweka mpya.

Milango ina fremu ya chuma ndani ya ngozi ya alumini. Metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa: utaona unga mweupe na rangi iliyovimba kwenye ukingo wa chini. Inaudhi macho, lakini isikuzuie kununua.

Dawa ya kugeuza kutu kuwa nyeusi nimeiona ikifanya kazi vizuri kwenye kutu nyembamba iliyosuguliwa. Juu ya kutu ya magamba ni pesa ya bure. Oili chafu ya injini, ambayo wengi hupaka chini ya gari, siipendi: inavimbisha mipira na ikifika kwenye breki ni hatari. Afadhali nta ya kupuliza ndani ya shasi, irudiwe kila mwaka, kama jahazi linavyorudiwa kupakwa shahamu. Kabla ya kupuliza, osha ndani kwa maji matamu, kwani visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Acha ikauke siku kadhaa za kaskazi. Kazi hii ikifanywa wakati wa masika, unyevu utafungiwa ndani pamoja na nta.